Mwanafunzi wa Fildi Porini Itigi

"Asali, hapa Reli. Usijifichue. Mzigo kwanza."

Asnath, aliyeitwa Asali redioni, alimsikia mkuu wake Reli sikioni huku amelala kifudifudi kwenye kichaka cha Itigi, miiba imemng'ang'ania mgongoni, jua la mchana linamchoma utosini. Kupitia darubini yake ya Nikon alimwona Lazaro akikimbia uwandani.

Land Cruiser ilimfuata polepole, kama watu wanaoswaga mbuzi.

Kambini wote wawili walijulikana kuwa wanafunzi wa fildi. Walifuata nyayo za tembo pamoja, wakapima mavi kwa rula, wakala ugali wa uwele sufuria moja. Lakini Lazaro, mtoto wa wakulima wa Mkalama, alikuwa mwanafunzi kweli. Asnath alikuwa jasusi wa serikali, na chini ya vifaa vyake vya utafiti ililala bastola ya Glock 19.

Tembo waliovishwa kola za kutuma mawimbi ya redio walikuwa wakiuawa mmoja mmoja. Aliyejua kila walipolala ni Dokta Clement, mkuu wa kambi. Idara ilimtaka yeye na mnunuzi wake wa kigeni, wakamatwe na meno ya tembo mikononi.

Lazaro hakujua lolote. Asubuhi ile aliona kwenye kipokezi ishara ya kola ikitoka stoo ya kambi, akaenda kuuliza kwa heshima zote.

"Shikamoo Dokta. Huyu tembo yumo stoo?"

Sasa alikuwa anakimbia.

Gari lilisimama. Dokta Clement alishuka na bunduki, akalenga bila haraka.

Mlio mmoja.

Lazaro alianguka, ameshika paja.

"Reli, kijana amepigwa. Yu hai. Naomba ruhusa."

"Ndege ya mnunuzi imefika?"

"Bado."

"Basi na wewe bado."

Lazaro alimwita mama yake kwa Kinyiramba. Kisha akamwita mtu pekee aliyekuwa rafiki yake kule porini.

"Asnath! Asnath, nisaidie!"

Asnath aliuma mkono wa shati lake mpaka fizi zikatoka damu.

Hakusogea.

Dokta alikaa kwenye kivuli cha gari, akanywa maji, akamwacha kijana avuje. Sauti ya Lazaro ikapungua. Ikakatika.

Ndipo Cessna ikatua. Mgeni mwenye miwani myeusi alishuka, na vijana wa Dokta wakaanza kushusha meno ya tembo kutoka kwenye gari.

"Reli, mzigo uko nje."

"Ruka!"

Asnath alichomoka kichakani, akakimbia mpaka karibu, akafyatua risasi mbili. Tairi la ndege likapasuka. Mgeni akapiga magoti, mikono juu, na askari waliojificha upande wa pili wakawavamia wote.

Dokta Clement alikimbilia vichakani. Asnath aliacha bastola, akashusha begani bunduki ya utafiti, ya sindano za kulaza tembo.

Puu!

Sindano ilimzama begani. Dokta alikwenda hatua chache, miguu ikamkataa.

"Dawa ya kuizima..." Ulimi ulishakuwa mzito. "Haraka, binti. Hiyo inaua mtu."

Asnath alichuchumaa, kichupa cha dawa hiyo ya kuizima mkononi.

"Meno mengine yako wapi?"

"Mtinko. Godauni la alizeti. Nyuma ya magunia."

Aliyarudia maneno hayo kwenye redio, taratibu, mpaka Reli akajibu amepokea.

"Nimekwambia yote! Nichome!"

Asnath alifungua kichupa, akaimimina dawa yote mchangani.

Alimwangalia mpaka kifua kilipotulia.

Kisha akaenda kwa Lazaro. Nzi walikuwa wameshamfikia. Alimfumba macho. Simu ikaanza kulia mfukoni mwa marehemu: *Mama*.

Akapokea.

"Shikamoo mama. Ni mwenzake wa fildi."

"Marahaba, mwanangu. Lazaro yuko wapi? Nimeota vibaya."

Asnath aliwafukuza nzi usoni mwa Lazaro.

"Yuko porini, mama. Huku mtandao unasumbua."

"Mwambie asisahau kula."

"Nitamwambia."

Akaizima simu, akaivunja laini kwa vidole, akavaa kofia yake na kuelekea barabarani bila kugeuka.