Nyumba Hazipigi Kura

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Kidoti alikuwa ukingoni mwa barabara kuu. Kwa mkono mmoja alimshika binti yake Kidoti, wa miaka saba. Mkono mwingine aliuinua juu, kuyaomba malori yapunguze mwendo. Malori hayakuwa na habari naye. Walipopata upenyo, wakakimbia.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mji wa zamani, na shule ilikuwa huko. Mtaa wao mpya haukuwa na shule. Ulikuwa na kiwanja cha shule tu, chenye kibao na magugu. Kibao chenyewe kilimzidi Kidoti umri.

Mwezi uliopita pikipiki ilimgonga mtoto wa jirani pale pale barabarani. Alivunjika mguu. Tangu siku hiyo Mama Kidoti alishona nguo za watu huku masikio yake yakiwa barabarani. Breki ikilia, cherehani inasimama.

"Nimechoka kuishi hivi," alimwambia mumewe. "Siku moja mtoto hatarudi."

Baba Kidoti alikuwa fundi uashi. Nusu ya nyumba za mtaa ule alizijenga yeye, na hakumwacha mtu asahau.

"Kesho naenda kwa diwani," alisema. "Tuna nyumba mia saba na kumi na mbili. Nimezipita moja moja. Atasema nini?"

Alikwenda kweli, amevaa shati lake la harusi, na barua ya kuomba shule mkononi. Diwani hakuwepo. Alikuwepo msaidizi wake. Msaidizi aliisoma barua, kisha akafungua faili.

"Fundi, nyumba nimeziona," alisema. "Wapiga kura wako wapi? Mtaa wenu mzima una tisini na wanne. Watu wa sokoni peke yao ni elfu moja na mia mbili, na wao wanataka paa."

"Kwa hiyo watoto wetu wagongwe?"

"Sijasema hivyo. Nakwambia foleni ilivyo."

Jibu lile halikuwa la haki. Mtoto ni mtoto, jina la mzazi wake liwe daftarini au lisiwe. Lakini kiongozi anayetafuta kura hutazama kwanza kura ziliko, na Baba Kidoti alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

Alimkuta jirani yao, karani wa kuandikisha wapiga kura. Alikuwa ameleta kizibao chake cha kazi kipunguzwe, maana walimpa cha mtu wa miraba minne. Aliisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Shemeji," aliuliza, "uchaguzi uliopita ulipiga kura wapi?"

"Nyumbani, kijijini. Saa sita nzima ndani ya basi."

"Na fundi bomba wa nyumba ya kona?"

"Naye alikwenda kwao."

"Na mwalimu?"

"Kwao."

"Basi siku ya kura mtaa huu hubaki na kuku," karani alisema. "Nyumba hazipigi kura, shemeji."

Mama Kidoti alicheka. Mumewe hakucheka.

"Zamani watu wengi wa jimbo letu waliishi mashambani," karani aliendelea. "Aliyetaka uongozi aliwafuata huko, akazungumza habari za mbolea na bei ya mazao. Alifanya sawa, kura zilikuwa huko. Sasa watu wanahamia pembeni mwa miji kila mwaka. Miili imehama, majina yamebaki. Mkiyahamisha majina, wagombea watakuja hapa kuzungumza habari za shule na kivuko cha barabara. Hata anayetaka kuongoza jimbo zima hatatupita tena."

"Kwa hiyo chama gani kitashinda?" Baba Kidoti aliuliza.

"Hilo sijui. Anayekwambia anajua, anakudanganya. Wengine huja mjini na chama chao cha nyumbani. Wengine hubadilika. Utamchagua nani ni siri yako. Kazi yangu mimi ni jina lako liwe pale unapolala."

"Tufanye nini?" Mama Kidoti aliuliza.

"Njoo kituoni na kitambulisho na kadi yako ya kura. Utajaza fomu ya kuhama. Jina litafutwa kule na kuandikwa huku. Usijiandikishe mara mbili, ni kosa la jinai. Halafu orodha ikibandikwa, nenda ukalitazame jina lako kwa macho yako. Ni bure, na mwisho ni Jumamosi saa kumi jioni."

Karani alipoondoka, Baba Kidoti hakuitafuta kadi yake ya kura. Mkewe alijua kwa nini. Kaka mkubwa wa mumewe aligombea udiwani kule kijijini. Ndiye aliyemlea Baba Kidoti na kumfundisha kushika mwiko wa uashi. Uchaguzi uliopita alishindwa kwa kura tisa, na sasa alikuwa anagombea tena.

"Kura tisa," Baba Kidoti alisema. "Halafu mimi ndugu yake nimnyime yangu?"

"Sikulazimishi," mkewe alisema. "Lakini yangu naihamisha kesho. Kaka yako namheshimu. Kidoti nimemzaa."

Ijumaa Baba Kidoti alipiga simu kijijini. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeudhika, sikufichi," kaka alisema. "Mwaka huu naitaka kura yako kuliko mwaka wowote."

"Najua, kaka. Nisamehe."

"Mtoto anavukaje hiyo barabara?"

"Anakimbia. Mama yake anamshika mkono."

"Mimi huku nawapigania watoto wa huku," alisema. "Huyo wa kwako nani atampigania? Nenda ukahame. Ila nikishindwa kwa kura moja, usinipigie kunipa pole."

Baba Kidoti alihama siku ile ile. Kisha akaanza kugonga milango, mmoja baada ya mwingine, na mafundi wenzake wakamfuata. Milango mingi alikuwa ameiweka yeye, kwa hiyo ilikuwa vigumu kumfungia. Fundi bomba alikaza shingo.

"Kwetu ni kwetu," alisema.

"Na patabaki kwenu," Baba Kidoti alimjibu. "Utakwenda kusalimia, utakwenda kuzika. Kinachohama ni jina kwenye daftari tu. Wewe mwenyewe ulishahama, mbona jina unaliacha peke yake?"

Jumamosi foleni ilizunguka nyumba tatu. Karani alifunga daftari saa kumi kamili. Mtaa mpya ulikuwa na wapiga kura elfu moja mia sita na watatu.

Habari ilifika mbali kabla ya wiki kwisha. Wagombea wanne walikuja, na viatu vyao vikaonja tope la mtaa ule kwa mara ya kwanza. Mama Kidoti alimuuliza kila mmoja swali lile lile: "Shule mtaanza kuijenga mwezi gani?" Wawili walikohoa. Wawili walitaja mwezi, na watu wakauandika.

Siku ya kura mtaa haukubaki na kuku peke yao. Watu hawakuchagua mtu mmoja. Hata Baba na Mama Kidoti hawakuchagua mtu mmoja, na bado walikula sahani moja. Diwani wa zamani alirudi madarakani kwa tofauti ya kura chache, na alijua vizuri kura hizo zilikotoka. Kijijini, kaka alishinda kwa kura nne. Alipiga simu kujisifu mpaka salio likaisha.

Wiki ya tatu msaidizi wa diwani alikuja na futi ya kupimia, akauliza nyumba ya fundi. Mwanzo wa mwaka uliofuata madarasa mawili yalikuwa tayari.

Asubuhi ya kwanza Mama Kidoti alijifunga kanga, akavaa viatu vyake vya kukimbilia, akamshika binti yake mkono.

"Unakwenda wapi, mama?" Kidoti aliuliza.

"Kukuvusha."

"Kunivusha wapi? Shule ile pale."

Mama aliuachia mkono. Mtoto alikwenda akitembea, polepole, akisimama kuongea na wenzake. Mama Kidoti alikaa kizingitini, akalia kwa furaha, na kazi ya kushona siku hiyo ilichelewa kuanza.