Mama, Usimwambie Mtu

Kila jioni mshonaji alipika chakula cha watu wawili, kisha akala peke yake. Mwanawe wa pekee, dereva aliyeitwa Mbwembwe mtaa mzima kwa maringo yake, alikuwa ameondoka ghafla. Aliliacha gari nyuma ya nyumba chini ya turubai, taa moja imevunjika.

"Nimemgonga mwendesha baiskeli. Nikaogopa, nikakimbia," alisema siku ile. "Mama, usimwambie mtu."

Tangu hapo nyumba ilipooza. Mshonaji aliitamani hata ile miluzi yake ya bafuni iliyokuwa ikimkera.

Siku moja jirani yake, msaidizi wa sheria, alikuja kuchukua gauni.

"Shoga, mkono huu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Una nini?"

Mshonaji akashindwa kujizuia, akamweleza yote. "Je, sheria inanilazimisha kumripoti mwanangu?"

"Inategemea nchi na kosa," jirani alijibu. "Mahali pengi raia haadhibiwi kwa kunyamaza tu. Kwa makosa mengine, kama kumtendea mtoto ukatili, huenda sheria ikakutaka uripoti. Lakini kuficha ni jambo jingine. Ukimficha mkosaji, ukifuta ushahidi au ukiwadanganya polisi, unaweza kushtakiwa wewe mwenyewe."

"Na yeye?"

"Dereva anatakiwa asimame, asaidie, atoe taarifa. Yule majeruhi yuko hospitali, mguu umevunjika. Mkewe alikuja ofisini kwetu; anahangaika kutwa, hajui hata aliyemgonga mumewe."

Mshonaji hakuwa amemfikiria huyo mke.

Jioni ile mwana alipiga simu. "Mama, umeliosha gari?"

"Sijaliosha, wala sitaliosha. Rudi, baba. Nina hamu nawe hadi basi. Lakini nikikuficha, tutapotea wote. Usiporudi, nitakwenda kituoni mwenyewe."

Sauti ndogo ikauliza, "Tutakwenda wote?"

"Bega kwa bega."

Mwana alirudi. Aliwaeleza polisi kila kitu, na gari likachukuliwa. Bima ikaanza kugharamia matibabu, na majeruhi akajifunza kutembea tena. Mahakama ilimhukumu kijana kifungo, ila ikampunguzia kwa kuwa alijisalimisha.

Siku ya kumtembelea gerezani, mshonaji alimtazama mwanawe kupitia wavu. Alitamani kumgusa shavu tu.

"Mbona umenenepa?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Mbwembwe akacheka. "Si chakula, Mama. Ni usingizi. Sasa nalala."