Maini Yasiyokatwa

Mkaguzi wa nyama alikutwa ananing'inia katikati ya ng'ombe wawili waliokwisha chunwa. Kulabu ilikuwa imempita chini ya bega, na lile koti lake jeupe lilikuwa jekundu mpaka kwenye pindo. Kiatu kimoja kilikuwa kimeanguka kwenye mfereji wa damu, kinaelea kama kinatafuta pa kwenda.

Na ilikuwa asubuhi kweupe, wenye mabucha wamejaa getini wanasubiri nyama. Mwosha sakafu alipopiga yowe, wakaingia wote. Sasa watu wenye hasira, wameingia mahali penye visu kila ukuta, unategemea nini?

"Ni Pande huyo! Jana si alisema atamchinja amtundike?"

Pande alikuwa mchinjaji mkuu pale, mtu mkubwa kama mlango wa ghala, ndiyo maana wakamwita hivyo. Ukubwa haukumsaidia. Walimpiga kwa mipini, kwa mateke, kwa ndoo. Mwenye bucha mmoja, jirani yake kabisa, watoto wanacheza pamoja, ndiye aliyemng'oa meno ya mbele kwa fimbo ya chuma. Mwingine alikuwa ameshashusha kulabu nyingine.

Hapo Inspekta akafika na watu wake. Mama wa makamo, mfupi, wakimwita Taratibu, lakini si mbele yake. Hakupiga kelele. Alichomoa bastola akapiga risasi moja juu, bati likatoboka, jua likaingia.

"Atakayemgusa tena naondoka naye," akasema. "Na gari limejaa, atatembea."

Watu wakarudi nyuma. Koplo akamfunga Pande pingu na kumkalisha kwenye ndoo.

"Ulimuua?"

"Sijamuua, mama. Afande."

"Ulisema utamchinja umtundike."

"Nilisema. Mbele ya watu. Hapa sote tunachinja, mtu akikasirika ndiyo maneno yanayomtoka." Akatema damu. "Alinichomea ng'ombe wangu."

"Kwa nini?"

"Alimkuta na kifua kikuu."

Hapo pana jambo la kueleza. Zamani nyama mbovu pale ilitolewa mlango wa nyuma, ikisemwa imezikwa. Imezikwa wapi, nani kaiona? Huyu mkaguzi alipokuja akasema hapana, mbovu itachomwa uani, mchana, watu wa getini wakiona, na ugonjwa atautaja kwa sauti. Basi Pande alitajwa na ng'ombe wake, akafedheheka.

Daktari wa polisi alishusha maiti, akainama juu yake. "Kisu chini ya mbavu mara tatu. Mara ya nne kimegonga mfupa, ncha imebaki ndani. Damu haijaganda vizuri, afande. Ni ya sasa hivi."

"Nani alikuwa humu?"

"Peke yake," Pande akajibu. "Sisi tukishachuna tunatoka kunywa chai, tunamwachia kazi yake."

Meneja wa machinjio akaingia, suti ya kijivu, anajipangusa macho kwa kitambaa. Alikuwa amemwoa dada wa marehemu. Akalia kilio cha kutikisa mabati.

"Shemeji yangu, jamani! Nitamwambia nini mke wangu? Afande, mchukue huyu mnyama. Na hawa watu wapewe nyama yao, imeshakaguliwa yote. Muhuri ule pale."

Kweli, kila ng'ombe alikuwa na muhuri wa zambarau pajani. Inspekta akapita mstari mzima, taratibu zake zile. Kando ya kila ng'ombe lilitundikwa ini lake. Mawili ya kwanza yalikuwa yamepasuliwa mikato mirefu. Yaliyobaki yote mazima, laini kama sabuni mpya.

Akarudi kwa Pande, akainama sikioni. "Mikato ile ya nini?"

"Ndivyo anavyokagua. Hapigi muhuri kabla hajapasua ini. Hata umharakishe vipi, hapigi."

"Nani anajua hilo?"

"Kila anayefanya kazi humu ndani, afande. Hata anayeosha sakafu."

Inspekta akanyanyuka. "Meneja, pole sana kwa msiba. Ulimwona shemeji yako akikagua?"

"Nilisimama hapa hapa. Kakagua wote, nikarudi ofisini. Nyuma yangu huyu akaingia."

"Alikaguaje?"

"Kwa macho yake. Anaangalia, anagonga muhuri, anakwenda mwingine."

"Hakushika kisu?"

"Kisu cha nini? Yule alikuwa mtaalamu, si mchinjaji."

Halafu mwenye bucha mmoja akacheka, cheko baya. "Lo! Bosi miaka yote hiyo, hajui nyama inakaguliwaje!"

Meneja akaanza kutoka jasho. Akajipangusa uso, na kitambaa kikaacha mstari wa zambarau toka jichoni mpaka kidevuni.

"Nionyeshe mikono," Inspekta akasema.

Hakuionyesha. Alinyakua shoka la kupasulia mifupa, likamfungua koplo mkono toka kiwiko hadi kiganja, kisha akamgeukia Inspekta. Pande, na pingu zake, akaruka toka kwenye ndoo akampiga kikumbo cha kifua. Meneja akatupwa nyuma, mkono ukadakwa na kulabu iliyoshushwa kwa ajili ya Pande. Ikatokea upande wa pili wa kiganja. Ukelele alioutoa hata ng'ombe hawautoi.

Watu wakasonga mbele na fimbo zao.

"Rudini!" Inspekta akasimama katikati. "Leo mmeshakosea mara moja. Inatosha."

Koti la meneja likapapaswa. Ndani kulikuwa na kisu cha kuchunia, ncha hakina.

"Afande," meneja akalia, "twende ofisini nikueleze yote."

"Hapana. Eleza hapa hapa, na hawa wasikie."

Akaeleza, damu inamtiririka mkononi.

"Nilimwingiza mimi kazini. Nilijua shemeji atanisitiri. Akaniletea moto wake uani. Alfajiri amekuta mlango wa nyuma wazi, akasema leo atataja na jina langu."

"Nyama ilikuwa inakwenda wapi?"

"Hospitali. Na gerezani."

"Wagonjwa!"

"Nani atamwuliza mfungwa supu ina nini, afande? Hawalalamiki wale. Na leo kuna ng'ombe wawili wangu wagonjwa kwenye mstari, ningepiga muhuri wote wangetoka. Pande alishanitangazia jinsi ya kumtundika."

Wakamtoa kwenye kulabu, wakamfunga, akapita katikati ya watu.

Pande akafunguliwa pingu. Yule jirani wa fimbo ya chuma akasogea, hajui aanzie wapi. "Ndugu yangu..."

"Nyamaza," Pande akamwambia. "Lete kuni."

Mchana akaletwa mkaguzi mwingine, kijana mwenye sauti ndogo. Akapasua ini baada ya ini, geti likiwa wazi. Mawili yakatoa usaha. Walio nyuma hawakumsikia alichosema, wakapiga kelele arudie. Basi Pande akawakokota wale ng'ombe wawili mpaka uani, akasimama kando ya moto, akautaja ugonjwa kwa sauti yake yote, maneno yakipita penye pengo la meno. Hakuna aliyecheka.