Onja Wewe Kwanza

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Marhun tangu alipovuka kizingiti cha chumba kile cha ghorofa ya tatu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha. Maiti alizozizoea hulala. Hii ilikuwa imeketi kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea dirishani, pazia limefunguliwa lote, macho yamelikodolea jua la Agosti bila kupepesa.

Na taa zote zilikuwa zinawaka. Ya darini, ya bafuni, ya mezani, hata ile ndogo ya ndani ya friji, kwa kuwa mlango wa friji uliachwa wazi. Mkononi mwa marehemu mlikuwa na simu iliyochomekwa chaji, tochi yake inawaka, na mwanga wake ameuelekeza usoni mwake mwenyewe.

Marhun alikuwa mpelelezi wa miaka mingi, mtu asiyebabaishwa na damu. Lakini mbele ya mtu aliyekufa akitafuta mwanga ndani ya mwanga, malaika yalimsimama.

Marehemu aliitwa Herbert Barasa, Mkenya wa Bungoma, bawabu wa duka moja la vinywaji vikali lenye kibali cha kuwauzia wageni. Aliyemkuta ni Japheth, Mkenya mwenzake aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, dereva wa familia moja ya Muaither. Alikuwa amechuchumaa kwenye ujia, kofia mkononi.

"Wewe ndiye Japheth?"

Japheth aliinua kichwa upesi. "Ndiyo, afande. Kumbe unajua Kiswahili?"

"Najua cha kukutosha wewe." Mama yake Marhun alizaliwa Unguja, na nyumbani kwao Al Thumama Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kugombezea watoto. "Alianza kuumwa lini?"

"Jana asubuhi. Kichwa, tumbo. Halafu macho."

"Macho yalikuwaje?"

"Alikuwa ananiuliza, 'Japheth, nani anamwaga unga humu ndani?' Nikamwambia hakuna unga, buda. Akasema uko, unaanguka kutoka kwa siling, umefika magotini."

"Unga gani?"

"Wa ugali. Mweupe. Na akasema kuna watu wamesimama ndani yake."

"Watu gani?"

"Sijui, afande. Alikuwa anawaomba msamaha, mmoja mmoja, kwa majina. Wallahi, mimi ni mtu wa kanisa, lakini nililala na Biblia kifuani."

"Mbona hukumpeleka hospitali?"

"Nilimwambia twende, gari iko hapo chini. Akakataa. Nikarudia, akakataa tena. Akanishika mkono, akasema, 'Hii acha tu.' Leo asubuhi nimempeleka bosi wangu airport, kurudi nampata hivi."

Mtu ana simu mkononi, ana gari chini, na anakubali kufa kiti kimoja na ugonjwa wake. Marhun alilizungusha jambo hilo kichwani, asilipatie pa kulibandika.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchelewa. "Methanoli," alisema alipompigia Marhun simu alasiri. "Spiriti ya viwandani. Ukiinywa huhisi kitu mpaka siku ya pili. Huanza kuua macho. Mgonjwa huona weupe mtupu. Vitabu vyetu vinasema ni kama mtu aliyesimama kwenye theluji."

"Na ambaye hajawahi kuiona theluji?"

"Ataona anachokijua."

Jioni ile ile mafundi wa alama na vielelezo walipekua chumba. Chini ya kitanda cha Japheth wakatoa kibuyu cha plastiki chenye maji ya buluu ya kusafishia vioo vya gari. Maabara ikasema: ndani yake mna methanoli. Japheth akafungwa pingu. Simu yake, iliyokwisha kutiwa kwenye mfuko wa vielelezo, iliendelea kuita mle mfukoni, jina la mkewe Nafula likiwaka na kuzimika. Kesho kutwa asubuhi angefikishwa kwa mwendesha mashtaka, na kwa kosa la kuua, Nafula angengoja sana.

Faili lilikuwa linajifunga lenyewe. Marhun hakuwa na imani na faili la namna hiyo. Akaenda mahabusu.

"Ulimpa Herbert pombe?"

"Afande, mimi nimeokoka. Na hata ningempa, hangekunywa."

"Kwa nini?"

"Herbert hakuwa anakunywa kitu cha mtu kabla huyo mtu hajaonja. Hata chai. Ukimpa soda ishafunguliwa, anakwambia, 'Onja wewe kwanza.' Tulikuwa tunamchekelea sana."

"Ndiyo desturi ya kwenu?"

"Kwa pombe, ndiyo. Mwenye pombe anaonja mbele ya wageni, waone haina sumu. Lakini huyu alipitisha kiasi. Mpaka maji!"

"Akitaka uonje namna gani?"

"Anakutazama mdomo, afande. Mpaka aone kikombe kimegusa na kimepungua. Hapo ndipo anakunywa yake."

Marhun alirudi ofisini na jambo moja tu. Kama Herbert hakunywa kitu kisichoonjwa, basi yuko mwingine aliyeionja sumu ile ile. Alipiga simu hospitali zote za mji. Hakuna mgonjwa wa methanoli, wala maiti nyingine, wala mtu aliyelalamika macho. Aliyeonja alikuwa mzima, anatembea Doha hii hii, anaona vizuri. Mama yake Marhun angesema moja kwa moja kwamba huyo si binadamu, na kwa dakika chache pale mezani Marhun alikaribia kukubaliana naye.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda dukani alikokuwa akifanya kazi marehemu. Lilikuwa jengo lisilo na madirisha, lisilo na kibao, baridi ndani kama chumba cha maiti. Alitia mguu wa kulia, akanong'ona bismillahi, kisha akajiona mjinga kuisema mahali pale. Chupa zilikuwa zimepangwa safu kwa safu mpaka darini. Wateja walikuwa wachache na walizungumza kwa sauti ndogo.

Supavaiza, Mkenya mnene aitwaye Lenny, alimpokea kwa jasho licha ya baridi ile.

"Bawabu aliruhusiwa kuonja vinywaji?" Marhun aliuliza.

"Hapana kabisa, bosi. Kuonja ni kwa mteja mwenye kibali chake mkononi. Kikombe kidogo, hapo hapo kaunta, na mwonjeshaji ndiye anamimina."

"Mwonjeshaji ni nani?"

"Mfanyakazi wa kaunta. Sharti aonje kila chupa akiifungua, kabla ya mteja, kuhakikisha haijaharibika."

"Basi jioni anarudi nyumbani amelewa chakari."

"Ha, hapana! Akimeza hata tone, kibali cha duka kimekwenda. Anaonja, halafu anatema. Velma, hebu muonyeshe afande."

Velma Khalayi alikuwa binti mwembamba, sare nyeusi, nywele amezibana nyuma. Alimimina kidogo kwenye kikombe cha kioo kisichozidi kidole gumba. Akakinywa. Kikombe kikabaki kitupu. Alimtazama Marhun machoni, akatabasamu, midomo imefumba, kama mwenyeji aliyefurahi kuona wageni.

Marhun alikuwa akilitazama koo lake. Halikusogea.

Tabasamu lile lilikaa muda, kinywaji kikiwa bado mdomoni. Kisha Velma akainama nyuma ya kaunta, nywele zikamfunika uso, na alipoinuka alifuta midomo kwa kitambaa. Hakukusikika hata sauti ya tone.

Aliyeonja sumu akabaki mzima hakuwa jini. Alikuwa na mshahara.

"Mnatemea wapi?"

"Kwenye kopo," Lenny alijibu. "Kila siku lake. Jioni mwonjeshaji analifunga kwa lakiri, linakaa stoo mpaka wakaguzi waje wapime, waone kilichofunguliwa hakikunywewa wala hakikutolewa nje. Ni masharti ya kibali."

Herbert alianza kuumwa Alhamisi. "Nileteeni la Jumatano."

Lenny alikuwa keshageuka, lakini Velma alimtangulia. Alikwenda stoo na kurudi na kopo la bati, lakiri yake haijaguswa, akaliweka mbele ya Marhun taratibu lisimwagike. Marhun alimwonea huruma kabla hajamshuku sawasawa, na huruma hiyo ilimuudhi.

Maabara ilijibu siku ile ile jioni. Ndani ya kopo mlikuwa na mvinyo, wiski, mate ya mtu mmoja, na methanoli.

Asubuhi ya pili walikaa chumba cha mahojiano: Marhun, askari wa kike pembeni, na Velma upande wa pili wa meza. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa.

"Kopo la Jumatano alilifunga nani?"

"Mimi."

"Ndani yake kuna sumu iliyomuua Herbert Barasa. Imechanganyika na mate yako."

Velma aliitazama mikono yake.

"Sinki lilikuwa hapo hapo," Marhun alisema. "Kwa nini ukatemea kwenye kopo?"

"Miaka mitatu natemea kwenye kopo, inspekta. Mdomo ulienda wenyewe."

"Na lakiri?"

"Ilikuwa jioni. Jioni tunafunga."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeelezwa kazi yake na mtu asiyeijua. Marhun aliuliza sumu ilitoka wapi na walikosana nini, Velma akatikisa kichwa tu. Marhun akaiegemea meza.

"Sikiliza, mwanangu. Saa tatu Japheth anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kibuyu kilikuwa chini ya kitanda chake. Watasema sumu ni yake na wewe ulimmiminia tu. Ana mke na watoto huko kwenu."

"Japheth hajui kitu!"

"Nani anajua, basi?"

"Mimi. Niliitoa stoo ya usafi, dukani. Japheth mwachilieni." Machozi yalimlengalenga, ya kwanza tangu aingie. "Mtu asife kwa pombe ambayo hakuileta."

"Nani kafa kwa pombe ambayo hakuileta?"

Ndipo Velma alipomwaga yote.

"Kijijini kwetu kulikuwa na matanga. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Herbert ndiye alileta mapipa ya pombe, ndiye alikuwa anagawa. Mzee mmoja akamwambia, 'Kijana, onja wewe kwanza.' Akacheka. Akasema ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza. Watu walikuwa na huzuni, wakanywa tu."

"Alijua ina sumu?"

"Alijua imeongezwa kitu iwe kali. Kingine sijui. Lakini hakuonja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Walikufa watu kumi na mmoja. Baba yangu, Henry Simiyu, alichukua siku nne. Alikuwa anakung'uta blanketi, anatuambia tuokote unga unaharibika. Na kwetu wiki hiyo, inspekta, hakukuwa na unga hata wa uji."

Askari wa kike hakuelewa neno la Kiswahili, lakini aligeuka kumtazama Velma.

"Herbert alitoroka usiku uliofuata, watu walipoanza kuumwa. Mimi nikamaliza shule, nikaja huku kutafuta maisha. Siku ya kwanza kazini, nani ananifungulia mlango? Yeye. 'Karibu, dada.' Hakunijua. Miaka mitatu, kila asubuhi, 'Karibu, dada.' Nilijaribu kusamehe. Niliomba mpaka nikachoka. Lakini nilikuwa namwona anavyokataa hata chai ya watu mpaka waonje, na nikajua anakumbuka. Alikuwa anajilinda na kitu alichotufanyia sisi."

"Jumatano?"

"Mapumziko ya mchana, duka limefungwa, Lenny ametoka kula. Nikamwambia kuna mtu ameniletea pombe ya nyumbani, aje tuonje. Akauliza, 'Umeonja?' Nikaonja mbele yake. Nikatabasamu. Akanywa. Kikombe cha pili vile vile."

Marhun alikuwa na swali alilolibeba tangu siku ya kwanza, na sasa aliliuliza karibu kwa kunong'ona. "Velma, huyu mtu alikuwa na simu. Alikuwa na gari chini. Mbona hakwenda hospitali?"

Velma alikitazama kinasa sauti.

"Nilitaka ajue," alisema. "Cha tatu nilipomimina, nikamwambia mimi ni binti ya Henry Simiyu. Akakitazama kikombe. Akanitazama. Hakupiga kelele, hakuuliza kuna nini ndani. Nikakiinua nionje, kwa mazoea tu, na yeye akanishika mkono. Akasema, 'Wewe usionje, mtoto.' Akakichukua, akakinywa chote. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kufungua mlango, wateja walikuwa washafika."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Marhun alihuzunika sana, na hakujua anamhuzunikia nani kati ya hao wawili. Alikizima. Saa tatu ilikuwa bado, na alikwenda mwenyewe mahabusu kumfungulia Japheth.