Kitambaa Chekundu cha Chumba cha Mitambo

Chiriku hakuwa na ufunguo wa nyumba. Hakuwa na koti la mvua, wala ndugu wa kugombana naye, wala shangazi wa karibu wa kumpokea akitoka shule. Zaidi ya yote hakuwa na subira ya kunyamaza, ndiyo maana akabandikwa jina la ndege. Basi kila siku baada ya masomo alikwenda kazini kwa mama yake, katika kituo cha kampuni ya simu, akakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka zamu iishe.

Mama yake alikuwa fundi mitambo.

"Mitambo yenyewe iko wapi, mama? Mimi naona kompyuta tu."

"Imeingia humo humo, mwanangu. Zamani kila kazi ilikuwa na mashine yake, na fundi alitembea na bisibisi. Siku hizi mashine hizo ni programu. Tunaandika amri, simu za mtaa mzima zinabadili njia."

Chumba cha mitambo kilikuwa na kompyuta mbili zilizofanana kama mapacha. Moja iliendesha mtandao halisi, unaotumiwa na watu. Nyingine ilibeba nakala yake, ya kujaribia amri mpya. Hiyo hata ukiivuruga, hakuna simu inayokatika. Na kwa kuwa kompyuta yoyote iliweza kupewa kazi yoyote, iliyokuwa ya mazoezi jana huenda leo ikawa ndiyo halisi. Kwa hiyo mafundi walijiwekea desturi: kibodi ya mtandao halisi hufunikwa kitambaa chekundu, na hakiondolewi bila wenzako kuambiwa.

Siku moja mvua ilivuja mpaka kwenye benchi la mapokezi. Mama akamwingiza Chiriku chumbani, ingawa watoto hawakuruhusiwa.

"Kaa hapo. Usiguse kitu," alisema, akatoka kwenda kukagua betri za umeme uani.

Chiriku alipofungua begi lake, kiwiko kikapiga kikombe cha mama. Chai ikatiririka kuelekea kwenye nyaya. Alinyakua kitambaa kilichokuwa karibu, akafuta meza haraka haraka, akaenda kukisuuza kwenye karo ya ukumbini na kukianika kwenye dirisha la huko. Aliporudi na kuona kibodi iko wazi, ndipo alipotambua kuwa kile kilikuwa kitambaa chekundu cha mafundi.

Kabla hajafanya lolote, aliingia fundi mwenzake na mama, mtu ambaye kituo kizima kilimwita Ndimu kwa uchachu wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Mimi si mjomba wako. Nani kakuingiza humu? Hapa pamekuwa chekechea?"

"Samahani, kile kitambaa..."

"Nyamaza! Sitaki kusikia hata pumzi yako."

Chiriku alihisi uso ukimwaka. Hutaki kunisikia? Haya, alisema moyoni, akafumba mdomo.

Ndimu alikaa kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake, akaona kibodi iko wazi, akadhani ni ile ya mazoezi, akaandika amri ya kujaribu kuzima simu za mtaa wa soko. Mtaa wa soko ukazimika kweli.

Haukupita muda, watu walijaa langoni wakipiga ngumi mabati. "Zahanati imeshindwa kuita gari! Mgonjwa kabebwa kwa mkokoteni!" Mama alirudi mbio, akafuta ile amri, simu zikarejea. Lakini mkuu wa kituo, mwanamke wa makamo asiyependa mzaha, alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Hapakuwa na kitambaa!" Ndimu alifoka.

"Kimeota miguu? Nenda nyumbani. Makao makuu wataamua kama utarudi."

Chiriku alitazama sakafu. Akisema, mama atafukuzwa kwa kumwingiza mle mtoto aliyeondoa kitambaa. Asiposema, atafukuzwa Ndimu. Na Ndimu alikuwa mbaya, si ndivyo?

Jioni mama aliweka chakula mezani. "Acha wamtoe," alisema. "Kazi kudharau watu tu."

Chiriku alirudisha tonge sahanini. Akaeleza yote, chai, kitambaa na kile kimya chake.

"Unajua watanifanya nini mimi?"

"Najua, mama."

"Na bado umesema." Mama alisukuma sahani. "Basi kesho tunakwenda wote."

Asubuhi walimkuta Ndimu ofisini kwa mkuu, akikusanya vitu vyake. Chiriku alipomaliza kueleza, yule bwana aliruka.

"Nilijua! Mtoto hana adabu, na mama yake ndiye kamlea!"

"Nilitaka kukwambia," Chiriku alisema. "Ukaninyamazisha. Lakini ningeweza kupiga kelele, nami sikupiga."

"Kaa chini, bwana," mkuu alimwambia Ndimu. "Ungemwacha amalize sentensi moja, soko lisingezimika." Kisha akamgeukia mama. "Wewe utapewa onyo la maandishi. Na kitambaa ndiyo basi. Kuanzia leo programu yenyewe itauliza neno la siri kabla ya kugusa mtandao halisi."

Akamwinamia Chiriku. "Kumwaga chai ni bahati mbaya. Kunyamaza kwa hasira, huku unajua watu wataumia, ni kosa. Ukweli haungoji uulizwe na mtu unayempenda. Ulikuwa haki ya huyu hata akiwa mkali kama pilipili. Makao makuu hawapokei maneno ya mdomo. Andika."

Ndimu hakushukuru. Alisimama dirishani, mgongo umewaelekea, wakati Chiriku akiandika kwa mkono wake jinsi kitambaa kilivyoondoka. Mama alitia sahihi chini yake bila kubadili hata neno. Mkuu akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akamsogezea Chiriku gundi. Chiriku aliifunga, akaikandamiza kwa kidole gumba, akatoka nayo uani na kumkabidhi tarishi. Pikipiki ikaunguruma, ikapita lango, ikaondoka na barua.