Jasho la Limi

Kila jioni baada ya masomo, watoto wa shule moja pale Segese walifanya mazoezi ya bugobogobo, ngoma ya kurusha majembe. Limi alicheza mstari wa mbele, maana jembe lake liliruka juu na kurudi mkononi bila kukosea. Tatizo lilikuwa jasho. Wenzake wakianza kung'aa usoni tu, yeye tayari amelowa chapachapa.

"Limi, umetoka kuoga?" Ndaki, mpiga ngoma, alimtania.

Limi alikereka. Alikereka zaidi Mwalimu Hosiana alipoleta sare mpya za njano kwa ajili ya mashindano ya kata na kusema, "Atakayeitia madoa sare yangu, nafasi yake nampa mwingine." Mwili gani huu wa kumuumbua mtu kila siku?

Siku ya mashindano jua liliwaka vibaya. Limi hakugusa maji tangu asubuhi. Asipokunywa, jasho litatoka wapi? Kisha akajizungushia nailoni kifuani na tumboni, akavaa sare juu yake.

Ngoma ilipochanganya, mwili ukamwaka moto. Jasho lilibanwa ndani ya nailoni, halina pa kwenda. Kichwa kikamgonga, macho yakaingia giza. Akarusha jembe, asilione likirudi. Likaanguka chini, naye akaanguka.

Mwalimu Hosiana alimbeba hadi kivulini, akailegeza sare, akakuta nailoni.

"Ee Mungu wangu! Nini hiki, Limi?"

"Sikutaka kuitia madoa, mwalimu," Limi alisema, akilia kwa hasira. "Nalichukia jasho langu!"

Mwalimu aliichana nailoni. Ndaki akaja mbio na maji, Limi akanywa kidogo kidogo. Mwalimu akamlowanisha mkono na kuupepea kwa kitenge.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Basi. Jasho likikauka kwenye ngozi linaondoka na joto. Hivyo ndivyo mwili unavyojipoza. Ukiuziba kwa nailoni na kuunyima maji, joto linabaki ndani, na linaweza kukuua."

"Kwa hiyo nafasi yangu imekwenda?"

"Leo huchezi tena. Ila na mimi nimekosea, niliwatisha kwa sababu ya vitambaa. Jumamosi kuna mzunguko wa pili, na utacheza mbele palepale. Kunywa maji, toka jasho. Sare ikilowa nitaifua na kuianika. Wewe ukianguka usiamke, mama yako nitamwambia nini?"