Sikio la Mzee Ambakisye

Sikio lilianza kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla abiria hawajaitwa. Mkono mrefu wa chuma ulishuka kutoka paa la karakana, ukaegemeza sahani ya shaba kwenye ganda la injini ya kulia, kisha ya kushoto, ukatulia. Injini ilizunguka polepole. Hakuna mtu aliyeigusa. Katika Uwanja wa Ndege wa Usangu, mwaka ule wa 2094, fundi hakuhitaji tena kufungua kitu ili ajue kama ni kizima. Sikio lilisikiliza chuma kama daktari anavyosikiliza kifua, na baada ya dakika nne lilitoa neno lake.

"Nimesikiliza," lilisema kwa upole ndani ya chumba cha marubani. "Injini zote mbili ni nzima. Safari njema."

Kapteni Tupokigwe Mwakalobo aliitikia kwa kichwa, ingawa alijua mashine ile haina macho. Kisha akafumba macho aombe. Hakuwahi kuondoka ardhini bila kuomba, na marubani wasaidizi waliopangwa naye walijua kwamba wakati huo hakuna kusema.

"Mama, samahani," alisema Lusajo, rubani msaidizi wake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kumkatiza hata siku moja. "Kuna kitu kinalia."

Tupokigwe alifumbua macho. "Kinalia wapi?"

"Injini ya kushoto. Mlio mwembamba sana, kama mtu anavuta uzi katikati ya meno."

Tupokigwe alisikiliza. Alisikia feni za hewa na mvumo wa kawaida wa injini, basi. "Jana ulikunywa nini?"

"Uji, mama. Wa mwenye nyumba wangu."

"Uji haulii."

"Ndiyo maana nakwambia ni injini."

Kapteni aliliamuru Sikio lirudie. Mkono ulishuka tena, dakika nne zikapita, na jibu likawa lile lile, kwa sauti ile ile. Lusajo alikuwa ameshika shavu lake kama mtu anayeumwa jino.

Tupokigwe aliita Kituo cha Safari. Aliyekuwa zamu ni Kigahe, mtu mwenye adabu na haraka.

"Kapteni, nina abiria mia na arobaini kwenye mstari," Kigahe alisema. "Sikio limepitisha mara mbili. Kama hujisikii vizuri, sema tu. Rubani mwingine ataipeleka."

Hapo ndipo ubaya wa jambo ulipokaa. Zamani rubani akikataa ndege, ndege ililala. Siku hizi rubani akikataa, alibadilishwa yeye. Ndege ingeondoka tu, na watu wale mia na arobaini wangekuwa ndani.

"Niitie Mzee Ambakisye," alisema.

Kigahe alicheka kidogo. "Unamwita mwalimu amsahihishe mwanafunzi aliyekwisha kumpita?"

"Mwite."

Picha ya Mzee Ambakisye ilitundikwa kwenye ukumbi wa abiria, kubwa kuliko mlango. Yeye ndiye aliyelifundisha Sikio. Miaka kumi na minne iliyopita wanasayansi walimvisha kofia ya nyuzi laini, akafanya kazi nayo kichwani miaka mitatu mizima. Kila mlio uliopita masikioni mwake, na kila jinsi ubongo wake ulivyouamua, huu mzima, huu mbovu, viliandikwa ndani ya mashine. Hapakuwa na fundi aliyekuwa na sifa kama yake. Sikio lilikuwa yeye, bila usingizi na bila mafua.

Tupokigwe na Lusajo walishuka kumngoja kando ya injini. Alikuja kwa miguu, amevaa ovaroli safi, mkononi ana bisibisi ndefu ya kizamani. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga picha na wageni.

"Dada Tupokigwe, umenitoa kwenye chai," alisema.

"Tusamehe, baba. Kijana huyu anasikia kitu."

Mzee alisimika ncha ya bisibisi kwenye ganda la injini, akauweka mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio lake, akafumba macho. Injini ilizunguka. Tupokigwe alimtazama kwa makini. Aliona kwamba mzee hakuwa na uso wa mtu anayesikiliza. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri muda upite.

"Nzima," alisema mzee, akitazama sakafu.

"Fundi," Lusajo alisema taratibu, "imelia ulipokuwa umeegemea hapo hapo. Bado inalia."

Tupokigwe alimsogelea mzee, akashusha sauti. "Baba, mimi sikukuita kwa ajili ya ile picha. Nina watu mia na arobaini. Umeusikia mlio, au hukuusikia?"

Mzee Ambakisye alimkabidhi Lusajo bisibisi. "Shika, mwanangu. Mpini nyuma ya sikio. Usikandamize. Sogeza ncha pole pole, unieleze."

Lusajo alisogeza mara tatu. Mara ya nne aliruka nyuma kama aliyeungua. "Hapa. Hapa inakata kichwa."

Injini ilizimwa, mzee akachukua spana. Kifuniko kile hakikuwa kimefunguliwa kwa miaka tisa, na nati zilikataa, zikalia, zikatoka. Ndani aliondoa beringi, akaipangusa kwa kitambaa, akainyoosha kwenye mwanga. Gololi moja ilikuwa imepasuka katikati, kama punje ya hindi iliyopita kwenye kinu. Nyingine mbili zilikuwa zimeanza.

"Ingevunjika lini?" Tupokigwe aliuliza.

"Labda leo. Labda Jumapili."

Mzee alikaa kwenye ngazi ya karakana, kitambaa mikononi.

"Milio ya juu niliacha kuisikia nikiwa na miaka arobaini na miwili," alisema. "Injini zilikula masikio yangu, kama zilivyokula ya wenzangu. Lakini kila mwaka kulikuwa na kipimo cha masikio. Aliyeshindwa alipelekwa stoo kuhesabu matairi. Mimi nilikuwa nakaa mkabala na kabati la vioo, nikiona bega la nesi kwenye kioo. Akibonyeza kitufe cha mlio, bega linashuka, nami nainua kidole. Nilifaulu kila mwaka. Mafundi wengi walifanya hivyo, dada, hatukuona kuwa ni dhambi. Mlio wa juu unapopotea, unabaki na mwingine wa chini, unafanya kazi kwa huo. Kisha wakaja na kofia yao."

Tupokigwe aliinama mbele yake. "Walipokuvika kofia ulikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Sikio lipo kwenye viwanja vingapi?"

"Vyote."

Alirudi mbio kwenye chumba cha marubani, akamwita Kigahe, akamweleza kwa maneno machache. Vidole vya Kigahe vilisikika vikigonga vitufe.

"Angani ziko ndege mia mbili na nane," alisema hatimaye. "Nimeliuliza Sikio. Linasema zote ni nzima."

"Umemwuliza kiziwi," alisema Mzee Ambakisye, aliyekuwa amemfuata Tupokigwe na sasa amesimama mlangoni, akihema.

"Mzee, siwezi kushusha ndege mia mbili kwa sababu ya beringi moja. Wakubwa wataniuliza ushahidi."

Tupokigwe hakubishana naye. Alifungua mkondo wa dharura, ule ambao kila rubani aliye angani lazima ausikie, akampa mzee kipaza sauti. Hakumlazimisha. Alimwachia tu mkononi, naye akamwomba Mungu moyoni amtie nguvu, kwa kuwa alijua kile anachomwomba mzee. Mtu huyu angetamka neno moja, na jina lake lote lingekwisha.

"Marubani," mzee alisema. "Mimi ni Ambakisye, niliyelifundisha Sikio. Nilipolifundisha nilikuwa kiziwi wa milio ya juu, na nilificha. Lisichosikia Sikio ni kile nisichosikia mimi. Tafuteni mtu mwenye umri mdogo kuliko wote humo ndani, hata awe abiria, mkampeleke karibu na injini. Akisikia mlio mwembamba, mwembamba sana, mtujibu."

Marubani walianza kujibu, mmoja mmoja. Hakuna kitu, Usangu. Kwetu shwari. Tumemsimamisha mhudumu wetu mdogo kule nyuma, hasikii chochote. Lusajo alikuwa anaandika namba zao kwenye karatasi, na zilipofika thelathini na moja Tupokigwe alianza kupumua.

"Usangu," ilisema sauti ya mwanamke, ya utulivu, na nyuma yake kulikuwa na watu wanaozungumza. "Tuko juu ya ziwa, dakika arobaini kutoka uwanja wowote. Dada mmoja hapa nyuma anasema mlio huo umekuwa ukilia tangu tulipopaa. Alidhani ni kawaida. Tufanye nini?"

Kabla mzee hajafungua kinywa, sauti ya pili iliingia juu ya ile ya kwanza, na ya tatu, nazo zikisema kwao pia unalia.